Mke wa Kwanza Hakuulizwa

Kitabu kilifika shuleni bila jalada. Kilikuwa ndani ya katoni ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, kimebanwa kati ya vitabu vya kuoka keki na atlasi zenye nchi ambazo hazipo tena, na mimi kama kiranja wa maktaba ndiye niliyepewa kazi ya kuvipiga muhuri. Nilikuwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini. Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu kidogo ya Kanyakine, mahali ambapo msimu wa baridi ukungu uliingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, ukakaa nasi mpaka karibu saa nne asubuhi.

Nilikisoma chote kwa siku mbili, nimekificha ndani ya daftari la hisabati. Kilikuwa hadithi ya kizamani ya kutisha. Msichana yatima anaolewa na bwana tajiri mwenye jumba la mawe juu ya mlima. Bwana huyo amefiwa na mke wake wa kwanza, homa, wanasema. Lakini upande mmoja wa jumba kuna vyumba vilivyofungwa, na yule bibi harusi husikia hatua za mtu huko ndani, na mara nyingine humwona mwanamke mwenye gauni la kijivu akipita mwisho wa ukumbi. Kila akimwona anazimia. Nilihesabu, akazimia mara kumi na moja. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo sikujua mwisho wake, na hilo lilinikera kuliko hata pepo mwenyewe.

Jumapili mchana niliwasomea wenzangu nyuma ya bweni, karibu na kamba za kuanikia nguo. Nilikuwa nikitafsiri papo hapo, nusu Kiswahili nusu Kimeru, na bwana wa jumba nikampa sauti ya mwalimu wetu wa zamu. Wasichana walipiga mayowe. Walitaka yule mke aliyekufa aonekane kila ukurasa, nami nikawa namwongeza pale ambapo kitabu kilikuwa kimemsahau.

Siku hizo sikuwa nikitulia. Nikiwa nyumbani, mama alikuwa akiniuliza kama nimekalia siafu. Nilianza kazi tatu kwa wakati mmoja, nikaacha zote, nikatembea kutoka jikoni hadi shambani na kurudi bila kujua nilikwenda kutafuta nini. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la pili, na aliyesimama mahali pake alikuwa mjomba, ndugu mdogo wa mama, aliyekuwa na kazi ya ofisini mjini Embu na nyumba ya kupanga katika mtaa wa Majimbo. Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, mama aliniambia niende nikamsaidie mjomba. Msichana wake wa kazi alikuwa amekwenda kwao Mbeere kwa likizo na hakukuwa na mtu wa kupika.

"Na Anti je?" nikauliza. Hivyo ndivyo tulivyomwita mke wa mjomba.

"Anti yako bado hajisikii vizuri," mama akasema, na akageuka kupepeta maharagwe.

Nilimjua Anti kidogo tu. Alikuwa mtu wa Mikinduri, mrefu, mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaolewa. Kimeru chake cha Tigania kilikuwa tofauti kidogo na chetu, na tulipokuwa wadogo tulimwiga tukicheka naye akacheka pia. Harusini kwake alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika. Miaka miwili baadaye mtoto wao alizaliwa akafa siku hiyo hiyo. Tangu hapo sikuwa nimemwona.

Mjomba alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, anayekunja leso yake mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni. Alinionyesha sufuria, makaa, kabati la chakula. Kisha akanipeleka uani, ambako kulikuwa na chumba kimoja cha mawe, kile ambacho watu wa mtaa wangekiita kwota. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo, na ubao wake ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha sahani.

"Anti yako yuko hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa pametulia. Chakula unamwekea dirishani, unarudi ndani. Usikae kuongea naye, maneno yanamchosha. Asubuhi nikiamka na jioni nikirudi mimi mwenyewe namfungulia aende choo na kuoga."

Nilisema ndiyo, mjomba. Ndivyo nilivyofundishwa kusema.

Siku tatu niliweka sahani dirishani na kurudi ndani. Mkono mwembamba ulikuja ukaichukua. Baadaye niliikuta palepale imeoshwa, inang'aa, na nilishindwa kuelewa ameioshaje mpaka nilipogundua kwamba alitumia maji yake ya kunywa. Jambo hilo lilinisumbua siku nzima. Nilifagia ua ambao haukuwa na uchafu. Nilizunguka nyumba. Nilikaa kwenye kochi, nikainuka, nikakaa tena. Mtu mwenye wazimu, nilijiambia, haoshi sahani.

Siku ya nne, nilipokuwa nageuka kuondoka, sauti ikauliza kutoka ndani, "Leo ni siku gani?"

"Jumatano, Anti."

"Nilidhani ni Alhamisi. Kuna siku moja nimeihesabu mara mbili." Akasogea dirishani. "Wewe ni yule mtoto wa Kanyakine. Umekuwa mkubwa. Unasoma nini siku hizi?"

Nilipaswa kurudi ndani. Badala yake nilimwambia juu ya kitabu. Nilikuwa nimekibeba kwenye begi langu kinyume cha sheria za maktaba niliyokuwa nikiisimamia mwenyewe.

"Kilete," akasema. "Nisomee. Macho yangu humu ndani hayaoni vizuri, mwanga ni kidogo."

Basi kila mchana, mjomba akiwa kazini, nilipindua ndoo chini ya dirisha lile, nikaikalia na kusoma. Nilisoma nikiangalia lango. Kila gari lililopita barabarani lilinifanya niruke. Majirani walikuwa wakianika nguo zao ng'ambo ya ua na kuongea Kiembu, na sikujua wanajua nini. Nadhani walijua yote. Mwanamke mmoja aliwahi kunisalimia akatazama dirisha, halafu akatazama ndoo yangu, halafu akasema jua ni kali leo.

Anti hakuogopa hata kidogo. Alicheka. Bibi harusi alipozimia mara ya tatu alisema, "Huyo anahitaji uji, si mume." Alipozimia mara ya sita alisema, "Tena?" Nilicheka mpaka kitabu kikanianguka. Ilikuwa mara ya kwanza nafikiri kwamba hadithi ya kutisha inaweza kusomwa na mtu ambaye haoni cha kutisha ndani yake, kwa sababu yeye anakaa upande wa pili wa ule mlango.

Tulipofika pale ambapo kurasa zimeng'oka, nilimwomba radhi.

"Huyo wa kwanza," akasema. "Kitabu kizima amesema nini?"

Nilifikiri. "Hasemi kitu, Anti. Ni pepo."

"Nani amesema ni pepo?"

"Mume wake. Na mtumishi. Na yule bibi harusi."

"Yeye mwenyewe waliwahi kumuuliza?"

Nilipekua kitabu jioni ile yote nikitafuta neno hata moja kutoka kinywani mwa mke wa kwanza. Halikuwepo. Kurasa mia tatu na kitu, na kila mtu alikuwa amepewa nafasi ya kueleza yule mwanamke ni nani isipokuwa yeye.

Likizo iliisha. Siku ya kuondoka nilimuaga dirishani, naye akatoa mkono wake kati ya nondo akanishika kidole gumba, akakibana kwa nguvu, akakiachilia. Hakuniomba chochote. Sikumwahidi chochote. Nilipofika nyumbani nilitaka kumwambia mama, nikafungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikauliza kuhusu ng'ombe.

Muhula wa pili ulianza nami nikawa kama mtu mwenye homa. Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa kijana, ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, mwanamke aliyevaa suruali siku za Jumamosi na kusemwa kwa hilo. Alitangaza kwamba darasa letu litatayarisha mchezo wa kuigiza kwa Siku ya Wazazi. Nikainua mkono kabla hajamaliza.

"Kuna hadithi ya zamani," nikasema, "nataka tuigeuze. Isimuliwe na mke wa kwanza."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitazama. "Endelea."

Nikaendelea. Nilisema hatukuwa na haja ya jumba la mawe la ng'ambo. Bwana atakuwa tajiri wa kahawa wa hapa Imenti, mwenye nyumba ya ghorofa. Mke wa kwanza si pepo. Yuko hai, amefungiwa, na wote wanaosema ni pepo wanajua yuko hai.

"Wazo hili umelitoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Nimelifikiria tu, mwalimu."

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini ule bado ninausikia. Nilikuwa nimelichukua swali la mtu aliyefungiwa nikalivaa kama langu.

Niliandika mchezo kwa wiki mbili. Niliandika darasani, bwalini, nikiwa kwenye foleni ya maji. Kalamu iliniacha vidole vina rangi ya bluu. Na kadiri nilivyoandika ndivyo mke wa kwanza alivyozidi kuwaka. Nilimfanya apige kelele za kutikisa mabati. Nilimfanya avunje mlango kwa gogo la kuni, amlaani bwana kwa jina la mama yake mzazi, amsukume kutoka juu ya ngazi afe. Niliweka pia vitu ambavyo sikuvitunga. Niliweka sahani zilizooshwa kwa maji ya kunywa. Niliweka mkono kati ya nondo. Niliweka lile swali, leo ni siku gani. Nilijua navitoa wapi. Nilijiambia hakuna atakayejua.

Nafasi ya mke wa kwanza nilijipa mwenyewe.

Siku ya Wazazi ilikuwa na jua baada ya wiki ya manyunyu, na uwanja ulijaa mama waliovaa vitambaa vya kichwa vipya na baba waliokaa wamejishika magoti. Ngazi yetu ilikuwa madawati yaliyopangwa. Nilichungulia kutoka nyuma ya pazia la shuka nikamwona mama safu ya pili. Kando yake, amevaa suti ya kahawia, alikuwa mjomba.

Sijui kwa nini sikuwa nimefikiria kwamba atakuja. Alikuja kila mwaka. Ndiye aliyetia sahihi ripoti zangu. Nilimwambia mwenzangu aliyeigiza bwana kwamba siwezi, naumwa tumbo, na yeye akanishika mabega akanisukuma jukwaani kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika.

Nilipoketi nyuma ya fito tulizozifunga kuwa nondo na kusema "Leo ni siku gani?", watu waliacha kujipepea. Nikatoa mkono na sahani. Nikaona mjomba anakunja leso yake. Akaikunja mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akasimama na kupita mbele ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, mpaka akafika nje ya uwanja. Mama hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilimaliza mchezo. Nilipiga kelele zote nilizoandika. Bwana alianguka kutoka kwenye madawati akafa vizuri sana, na wasichana wa kidato cha kwanza walirukaruka, na mwalimu wetu wa fasihi alipiga makofi huku amesimama. Sikusikia raha yoyote. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia na haikujua upande.

Nilimkuta mjomba kando ya gari lake. Mama alikuwa amefika kabla yangu.

"Nani alikufundisha kuaibisha watu?" mjomba aliniuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Kijana wa mama," mama akamwambia, jina la utotoni alilomwita wakiwa peke yao, "mke wako amefungiwa?"

"Amepumzishwa."

"Kwa kufuli?"

Mjomba aliegemea gari. "Wewe hukuwepo," akamwambia mama. "Alitoka alfajiri na blanketi ya mtoto, nikamkuta mtoni amesimama ndani ya maji. Mara mbili. Ningefanya nini? Nimpeleke Nairobi kwenye wodi za vichaa, watu wa kanisa wajue, kwao wajue? Nilikuwa namlinda."

"Hayo ni ya lini?"

Akatazama magurudumu. "Mwaka juzi."

"Na sasa?"

"Sasa..." akasema, na hakumaliza. Niliona kwamba hajui. Alikuwa akimfungulia asubuhi na jioni kwa karibu miaka miwili na hakuwa anajua mke wake yuko hali gani.

Mama yangu hakuwa mtu wa hotuba. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti alinichukua, akafunga nyumba, na badala ya kurudi shambani tukapanda magari mawili mpaka Mikinduri. Nilikuwa sijawahi kufika. Soko lilikuwa limejaa watu wanaofunga miraa kwa majani ya migomba, kila mtu ana haraka, kwa sababu miraa haingoji, ikinyauka haiuziki. Tuliuliza njia mara nyingi. Mama yake Anti tulimkuta shambani, mwanamke mzee, mfupi, mwenye mikono mipana. Alikuwa ameambiwa mtoto wake yuko hospitali ya mbali ambako wageni hawaruhusiwi. Mama alimweleza yote akiwa amesimama. Hakukubali kiti mpaka alipomaliza.

Mama mzee aliniuliza swali moja tu. "Wewe ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona, kucu," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Lini?"

"Aprili."

Alihesabu miezi kwa vidole. Hakunilaumu kwa neno. Aliinuka kwenda kuvaa.

Kesho yake saa tano asubuhi tulikuwa Majimbo, sisi watatu na ndugu mkubwa wa Anti. Ilikuwa Jumamosi na mjomba alikuwa nyumbani. Aliwasha jiko mwenyewe, akaweka maji, akatoa vikombe vizuri vya wageni. Mama mzee alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba wake mapajani.

"Chai, mama," mjomba akasema.

"Chai nitakunywa na mtoto wangu."

"Anapumzika kidogo."

"Basi nitangoja."

Alingoja. Sote tulingoja. Maji yalichemka, yakachemka mpaka mfuniko wa sufuria ukaanza kugonga, na hakuna aliyeinuka kuyaepua. Ndugu yake Anti alikuwa amesimama mlangoni akitazama nje. Mimi nilikuwa nang'ata ukucha mpaka nikaonja damu. Mwishowe mjomba alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani kati ya vikombe. Aliuweka taratibu, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyetua mzigo.

Mama mzee aliuchukua, akaenda uani peke yake. Tulimfuata kwa umbali. Alipofungua, nilitegemea kilio, au mtu akianguka kifuani mwa mwingine, vitu nilivyokuwa nimeviandika. Anti alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amevaa nguo ya kijani na kufunga kitambaa. Kitandani kulikuwa na mfuko uliofungwa vizuri kwa kamba, na vumbi lake lilionyesha ulifungwa zamani.

"Mmenikuta niko tayari," akasema. "Lakini sina viatu. Viatu viko kwenye nyumba kubwa."

Nilikimbia kuvileta. Vilikuwa chini ya kitanda cha mjomba, vimepakwa rangi. Sikujua la kufikiria juu ya hilo, kwamba mtu alikuwa akivipaka rangi viatu vya mwanamke aliyemfungia. Hadi leo sijui.

Walikunywa chai. Anti alikunywa vikombe viwili, akamshukuru mjomba kwa kila kimoja. Alipofika langoni alisimama na kumwambia, "Mtoto wetu alikuwa na jina. Hukuwahi kulitaja." Kisha akalitaja, na akaondoka. Mjomba alibaki ameshika lango.

Mwezi wa Desemba nilikwenda Mikinduri tena, safari hii peke yangu, na daftari la mchezo kwenye begi. Anti alikuwa ameongezeka mwili. Alikuwa akifundisha watoto wa chekechea kanisani, kwa muda tu, mpaka apate shule. Alikuwa ameonwa na daktari Meru mjini na alikuwa na vidonge alivyomeza asubuhi bila kujificha. Tuliketi nje, tukimenya maharagwe mabichi, na nikamwambia yote. Nikamwambia nilisema wazo ni langu. Alinyoosha mkono.

"Lete hilo daftari."

Alisoma na kalamu nyekundu. Kwanza alisahihisha lugha. Alinionyesha pale niliposema "mlango zilifunguka" akaniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nilitaka kuinuka nitembee, miguu ilikuwa inawasha, lakini alikuwa ameniwekea bakuli la maharagwe mapajani. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza akaanza upya.

"Hapa umeniandika napiga kelele."

"Ndiyo, Anti."

"Mimi sikupiga kelele hata siku moja. Ningepiga, angewaambia majirani, mnamsikia? Kila siku niliumeza ule ukelele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mle ndani, na wewe umeifuta."

"Wasichana walipenda sana hapo."

"Najua walipenda. Kelele ni tamu kuzisikia ukiwa nje." Akageuza ukurasa. "Na hapa umemuua bwana."

Nikamenya harage jingine.

"Mimi sikutaka afe. Nilitaka anisikilize, halafu nilitaka niende zangu. Ni vitu viwili, si kimoja. Na hapa mwisho unasema hakuwahi kuumwa, walimsingizia tu."

"Si ni kweli?"

"Si kweli. Niliumwa." Aliweka kalamu chini. "Yale ya mtoni yalikuwepo. Kuna miezi ambayo sikuijua mikono yangu. Usinifanye mzima ili nistahili kufunguliwa. Mtu anaweza kuumwa kabisa, na kufuli bado likawa kosa. Andika hivyo."

"Hiyo ni ngumu kuigiza," nikasema.

"Kwani nani alikuambia itakuwa rahisi?"

Tulibishana mchana kutwa. Nilitaka kubakiza walau kelele moja, alikataa. Yeye alitaka yule bibi harusi wa pili aache kuzimia na afanywe mtu mwenye akili, kwa sababu, alisema, huyo naye amewekwa kwenye jumba la watu na hakuna aliyemweleza kitu. Sikuwa nimemfikiria huyo hata mara moja. Tukampa sentensi zake. Tukamfanya yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Mama mzee alipita na kuni akatuuliza kama tunagombana, Anti akamwambia tunafanya kazi.

Mchezo ule wa pili hatukuigiza popote. Kidato cha nne kilitumeza na mitihani yake, na mwalimu wetu wa fasihi alihamishwa. Lakini nimekuwa nikiziandika hadithi za aina hiyo tangu wakati huo, za majumba yaliyofungwa na wake wasioulizwa, nazigeuza, nazipindua, na kila nikisikia mwanamke wangu anaanza kupaza sauti kupita kiasi najiuliza ni sauti ya nani hiyo. Watu huniambia kazi hii inakomboa. Mimi kazi hiyo hunikosesha usingizi wa mchana, na sijui kuifanya nikiwa nimekaa. Huandika nimesimama jikoni.

Mjomba nilikutana naye mjini Embu mwishoni mwa miaka ile ya tisini, nilipokuwa nafundisha kwa muda shule moja huko. Alikuwa akinunua karatasi dukani. Amezeeka masikio na shingo. Tulisalimiana. Alisema amesikia kwamba ninaandika, na akauliza, akitazama risiti mkononi, "Na mimi umeniandika nani?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa kwa miaka.

"Bado sijamaliza, mjomba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza juu ya Anti, kwa kunong'ona, ingawa dukani hakukuwa na mtu anayetusikiliza. Nilimwambia amepata shule, anafundisha darasa la pili, watoto wanamwogopa na wanamfuata hadi nyumbani. Aliniuliza darasa lina watoto wangapi. Aliniuliza kama paa la shule linavuja. Aliuliza maswali madogo madogo ya namna hiyo kwa muda wa kutosha kunichelewesha kipindi changu, nami nikayajibu moja baada ya jingine, nimesimama na chaki mfukoni, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango.